Nyumba ya Msimamizi Mmoja

Jumamosi asubuhi Mshonaji alikuwa anapiga pasi kola za sare za shule kwenye kona moja ya meza ya chakula. Kwenye kona ya pili kompyuta ya nyumbani ilikuwa imevuliwa kitambaa chake cha kufuma, inahema. Feni yake ilizunguka kwa kasi wala hakuna kilichofunguka. Kila aliyegusa kitufe alitangaziwa kwamba ameshinda gari.

"La jana lilikuwa jekundu," Bibi akasema. "La leo kijani. Mimi naona tungechukua lile jekundu."

Nyumba ilikuwa na watu wanne na kompyuta moja. Bibi alikuwa mama mzazi wa mwenye nyumba, na aliitumia kuongea na dada yake aliyehamia mbali, wakionana nyuso na kubishana kuhusu mambo ya utotoni. Mwenye nyumba, mume wa Mshonaji, alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani na mawe yake ya chuma, kuhakikisha kilo ni kilo, na hakuna muuza sukari aliyewahi kumlaghai. Binti yao wa miaka kumi na sita walimwita Chiriku kwa sababu hakuwa na nukta katika maneno yake.

Mshonaji naye alikuwa na masomo yake. Miaka yote alishonea duka la mtu mwingine, na kitambaa kidogo cha jina kilichoshonwa shingoni mwa kila nguo kilikuwa na jina la mtu mwingine. Sasa chuo cha ufundi kilikuwa kinatafuta mwalimu wa ushonaji. Walitaka mtu aliyemaliza masomo fulani ya kwenye kompyuta, na usaili ulikuwa mwisho wa mwezi. Kila usiku, vyombo vikishaoshwa na nyumba ikishanyamaza, Mshonaji alifunua kile kitambaa cha kufuma na kusoma. Yalikuwa yamebaki masomo machache. Akilini mwake alikuwa ameshasimama mbele ya darasa, chaki mkononi, ameshaanza kugomba.

Kwa hiyo kompyuta ilipoanza kugawa magari, yeye ndiye aliyemwita fundi.

Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamke wa makamo aliyetembea na nyaya shingoni kama mshonaji anavyovaa utepe wa kupimia, na mtaa mzima ulimwita Nyaya. Alikaa, akabonyeza, akasikiliza, akaguna.

"Ina virusi," akasema.

"Nani kavileta?" Mkaguzi akauliza, akimtazama Chiriku.

"Baba, mbona unaniangalia mimi? Mimi natumia kwa masomo na nyimbo mbili tatu, tena nyimbo zenyewe fupi, halafu..."

"Kuna mtu alikuwa anatafuta mechi za bure," Nyaya akasema.

Pasi ilifuka mvuke. Bibi akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Huyo ni mimi," Mkaguzi akasema, maana alikuwa mtu mkweli. "Lakini watoto nao lazima wachungwe."

Basi wakakaa kuchagua. Kwanza ilikuwa ile ya kuzuia virusi. Bibi alisema nyumba yenye milango miwili huweka walinzi wawili, kwa hiyo na kompyuta iwekewe mbili.

"Hapana, bibi," Nyaya akasema. "Hizi ukiziweka mbili, kila moja inamwona mwenzake ndiye mwizi. Zitashikana mashati humo ndani, na kompyuta itasimama tu inazitazama."

"Kama wake wenza."

"Tena wa chumba kimoja."

Wakachukua moja, isiyokula nafasi na inayojikumbusha yenyewe kila siku sura za wadudu wapya. Hilo lilikwisha kabla chai haijapoa. Kazi ilikuwa ile ya pili, ya kufungia tovuti mbaya. Nyaya alitoa makasha matatu mkobani, akayapanga mezani katikati ya kola.

Kasha la kwanza lilikuwa na picha ya mbwa. Hiyo, Nyaya alisema, inazuia kila kitu mpaka uifungulie, na mwenye haraka asiiguse. La pili lilikuwa na mwavuli. Hiyo kila mtu mzima ana neno lake la siri, na kila mtoto anapangiwa kwa umri wake.

"Ila mtakaa chini, watu wazima wote, mkubaliane nini kifungwe na nini kiachwe. Ni jioni nzima hiyo. Wengine huwa wanagombana."

La tatu lilikuwa na ufunguo. "Hii rahisi. Msimamizi mmoja. Waliobaki wote watoto."

"Mimi naona hiyo ya mwavuli," Mshonaji akasema, bila kuinua macho kwenye pasi.

"Kompyuta moja, maneno ya siri matatu?" Mkaguzi akacheka. "Mama Chiriku, mizani husomwa na mtu mmoja. Wakisoma watatu, unapata kilo tatu tofauti."

"Lakini mimi nasoma usiku, Baba Chiriku."

"Nani kakukataza? Ukitaka kitu utaniambia, nitakufungulia. Mimi naenda wapi?"

Nyaya alimtazama Mshonaji, akasubiri. Mshonaji akageuza kola upande wa pili. Nyaya akafungua kasha la ufunguo.

Programu ilipoingia, ilileta ukurasa wenye visanduku viwili. Kimoja kiliandikwa *Msimamizi*, kingine *Mtoto*. Mkaguzi akajiweka kwenye cha kwanza. Cha pili akamweka Chiriku, kisha akatafuta kisanduku cha tatu, hakukiona, akamweka na mkewe, kisha na mama yake. Programu ikauliza umri wa kila mtoto. Orodha yake ilikomea kumi na saba, na Bibi alikuwa ameipita siku nyingi.

"Weka tisa," Mkaguzi akajiambia. "Wote tisa. Tutarekebisha baadaye."

"Baba! Mimi nina kumi na sita!"

"Utafika tu."

Akaweka neno lake la siri, huku amefunika vitufe kwa kiganja, akabonyeza mara moja, akanywa chai.

Asubuhi ya Jumapili Mshonaji aliamka akakuta kitanda kimekuwa kipana. Alishuka kwa kuruka. Kwenye kioo cha kabati uso wake ulikuwa uleule, na mikunjo yake na ile alama ya pasi kwenye shavu. Kimo tu ndicho kilichopungua, kikawa cha mtoto wa miaka tisa, na sauti nayo ikapanda juu ikawa nyembamba. Jikoni alimkuta Chiriku amesimama kwenye kigoda akichemsha maji. Bibi aliingia na mvi zake, naye kwa kimo kilekile cha miaka tisa, akinyanyua mguu mmoja kisha mwingine.

"Magoti haya mapya," akasema. "Sijui wameyatoa wapi. Nimeinama nimeinuka, wala hayakulia."

Mkaguzi alikuja mezani, akawaona, akawasalimia. Alimwamkia mama yake shikamoo kama kawaida, ila aliinama kidogo. Kisha akavuta vikombe, akaviweka mahali wanapofikia.

Watu wa mtaani walizoea kabla wiki haijaisha. Muuza mboga alimwambia Mshonaji amependeza. Dada yake Bibi, alipomwona kwenye skrini, alisema hivyo ndivyo alivyokuwa siku aliyovunja mtungi. Bibi akasema mtungi alivunja yeye, wakaendelea pale walipokuwa wameachia.

Tabu ilikuwa kwenye kazi. Miguu ya Mshonaji haikufika tena kwenye kanyagio la cherehani. Walijaribu mto, wakajaribu kiti kifupi. Mwisho Bibi aliingia chini ya meza kwa magoti yake mapya, akawa analisukuma kanyagio kwa mikono miwili huku akitega vitendawili, na Mshonaji juu akiongoza kitambaa. Sare zilitoka sawasawa, ila zilitoka polepole, na kila Bibi alipocheka mshono ulikwenda kombo.

Na masomo. Programu ilijua kwamba watoto wa miaka tisa hulala saa tatu. Ilipofika saa tatu usiku kompyuta ilizimika, na wao watatu walilala hapohapo walipokuwa. Chiriku alilala katikati ya sentensi. Mshonaji alilala na sahani mkononi, maji ya bomba yakiendelea kumwagika, na Mkaguzi aliyafunga, akawabeba mmoja mmoja hadi vitandani, kwa upole, akiwafunika miguu.

Mshonaji akahamishia masomo yake mchana. Mchana napo somo la kukata nguo za wanawake lilikataa kufunguka, kwa kuwa lilikuwa na neno kifua. Somo la kupima nyonga likakataa. Somo la kola likafunguka, lakini kola alikuwa anaijua. Pale chini palikuwa na kitufe cha kuomba ruhusa. Akakibonyeza. Huko sokoni, Mkaguzi akiwa ameinamia mizani ya muuza dagaa, simu yake ikalia: *Mtoto wako anaomba kufungua ukurasa.* Akasema ataona akirudi. Alirudi amechoka.

"Baba Chiriku," Mshonaji akamwambia baada ya chakula, "ile programu. Ungenitoa mimi kwenye watoto. Usaili unakaribia."

"Nitakutoa."

"Lini?"

"Si nimesema nitakutoa? Huniamini?"

Alimwamini. Hakuwa amewahi kumdanganya. Akafungua yale masomo moja moja kadiri mumewe alivyokumbuka kumruhusu, dakika kumi na tano leo, nusu saa kesho kutwa, na la mwisho alilimaliza amesimama, kwa kuwa kiti kilimweka chini ya meza.

Kisha kompyuta ikaugua tena. Safari hii iliwatangazia kwamba wameshinda nyumba ya ghorofa. Nyaya akaja, akawakuta watatu wanamsubiri mlangoni kwa kufuatana, kimo kimoja, kama vifungo vya shati. Alimnyanyua Mshonaji akamkalisha kitini, kisha akakaa yeye.

"Ulisema ile ya mwavuli," akasema kwa sauti ya chini.

"Nilisema."

"Si kwenu tu. Kwa fundi magari mama mkwe anabebwa mgongoni. Kwa yule mwenye duka la rangi, mkewe anapita chini ya kaunta bila kuinama."

"Huwezi kubadilisha wewe?"

"Bila neno la siri la msimamizi, dada yangu, mimi hapa ni mgeni tu. Nakunywa chai naondoka."

Alibonyeza, akasikiliza, akaguna. Mkaguzi alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mgongoni.

"Wamepitia wapi?" akauliza.

"Mlango wa msimamizi. Ile milango ya watoto imefungwa vizuri, hata inzi hapiti. Wako ndio hauna komeo."

"Ilikuwa nusu fainali," Mkaguzi akasema.

"Naelewa."

Nyaya akasafisha, akakunja nyaya zake. Mkaguzi alifikiri muda mrefu, kwa makini, kama anavyofikiri mbele ya mizani yenye mashaka.

"Basi tuwabane zaidi watoto," akasema.

Bibi akatoka chini ya meza. "Kitendawili!"

"Mama, nina kazi."

"Kitendawili, nimesema!"

"Tega."

"Nyumba yangu yote ina makufuli, mwizi anaingia amemshika mwenye ufunguo bega."

Mkaguzi alijaribu. Alisema usingizi. Alisema panya. Alisema moshi. Bibi akatikisa kichwa kila mara, na mvi zake zilifika kwenye kitovu cha mwanawe.

"Umeshindwa. Nipe mji."

Mkaguzi akampa mji, mkubwa, wenye reli na bustani. Bibi akafumba macho.

"Nimefika mjini. Nimekula, nimeshiba, nimekaa kwenye hiyo bustani. Huko kila mtu mzima ana neno lake la siri, na hakuna aliyegombana. Jibu ni wewe, mwanangu."

Mkaguzi akacheka mpaka akafuta machozi. Alimpenda mama yake sana. Akampapasa kichwani, akasema kweli wazee wana akili, kisha akaketi kwenye kompyuta, akafunika vitufe kwa kiganja, akashusha umri kutoka tisa hadi saba.

"Nilikuzaa mimi," Bibi akasema, sauti yake ikizidi kuwa nyembamba kadiri anavyosema.

"Najua, mama. Saa tatu inakaribia, kapigeni mswaki."

Siku ya usaili Mshonaji alivaa gauni la Chiriku la zamani, lililokuwa kwenye sanduku la nguo za kugawa. Alilipiga pasi vizuri. Alibeba vyeti vyake kwenye bahasha iliyomfika magotini, na Mkaguzi aliomba ruhusa kazini amsindikize, kwa sababu barabara ilikuwa na magari mengi. Wakavuka wameshikana mikono.

Chuoni, Mkuu wa chuo alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba. Aliagiza kreti iletwe Mshonaji asimamie, akamuuliza jinsi ya kufundisha mtu anayeogopa mkasi. Mshonaji alisema kwanza humpi kitambaa, unampa gazeti. Akikata gazeti wiki nzima bila kuomba radhi, ndipo unampa kitambaa. Mkuu akaandika hilo. Akampa kipande cha pamba na sindano, akamwambia atengeneze tundu la kifungo kwa mkono. Vidole vilikuwa vifupi, lakini vilikuwa vyake. Lile tundu lilitoka limenyooka, kingo zake zimekaza kama mdomo wa mtu anayetunza siri. Mkuu alilipitisha kwenye mwanga wa dirisha, akalipitisha tena.

"Hapa hatujawahi kuona tundu kama hili," akasema. "Kazi ni yako. Limebaki jambo moja dogo. Mlezi wako ni nani?"

"Mimi nina mume."

"Huyo anafaa. Mwite."

Mkaguzi aliingia amevua kofia. Mkuu akamweleza kwamba kazi inaanza Jumatatu, ni siku nzima, kuna mshahara wake mwenyewe na nyumba ya mwalimu kwa atakayeitaka, na kwamba kwa mtu wa kimo hiki sheria inataka mlezi akubali. Akamsogezea kalamu.

Mkaguzi hakuichukua mara moja. Alimtazama mkewe juu ya kreti. Akafikiria nyumba ilivyotulia siku hizi. Wanaolala saa tatu. Wanaoomba ruhusa kabla ya kufungua. Mezani hakuna mabishano, na wote wanamtazama kwa kuinua uso. Kilo ilikuwa kilo.

"Nashukuru sana, mwalimu," akasema, na shukrani ilikuwa ya kweli. "Ni mtoto mwenye bidii. Lakini bado yuko chini ya uangalizi. Tumwache kwanza akue kidogo."

"Baba Chiriku," Mshonaji akasema kwa sauti ile ya miaka saba, "mimi nina miaka arobaini na mbili."

"Anasema ana arobaini na mbili," Mkuu akamwambia Mkaguzi.

"Wanapenda kujikuza," Mkaguzi akajibu, wakacheka wote wawili, kwa wema.

Mkuu akavua miwani, akaiachia kifuani. Alisema chuo kinasikitika, ila mlezi akikataa hakuna la kufanya. Akamrudishia Mshonaji kile kipande cha pamba akiweke kama kumbukumbu, akamsaidia kushuka kwenye kreti.

Walirudi kwa miguu. Mkaguzi alipunguza hatua ili zilingane na za mkewe. Njiani alimnunulia maji ya baridi, akamfungulia kifuniko.

"Ni kubonyeza mara moja tu," Mshonaji akasema walipokaribia nyumbani.

"Najua."

"Sasa kwa nini hubonyezi?"

Mkaguzi akalipa swali hilo heshima yake. Akatembea nalo hadi kwenye ngazi za nyumba.

"Sijui," akasema. "Naona tumekaa vizuri."

Mshonaji akamtazama, akaona anasema kweli, akaingia ndani.

Jioni hiyo alitoa kitambaa kizuri cha bluu alichokuwa amekiweka kwa ajili ya suti ya mwalimu, akakitandaza sakafuni kwa kuwa meza ilikuwa mbali. Alikata magauni matatu ya kimo kimoja, lake, la Bibi na la Chiriku, kwa sababu hawakuwa na nguo za kuwatosha, na kuvaa ilikuwa lazima. Chiriku akatunga uzi kwenye sindano, kwa mara ya kwanza bila kusema neno. Bibi akaingia chini ya meza.

"Tuanze?" Bibi akauliza kutoka huko.

"Sukuma, mama."

Cherehani ikaanza kulia. Mishono ya ubavuni ikapita, mikono ikaingia, shingo zikakaa. Shingoni Mshonaji hakushona jina la mtu. Alipofika chini, alikunja upindo wa kawaida wa vidole viwili, akautazama. Kisha akaufungua, akakunja tena, mpana, mpana zaidi, hadi nusu ya gauni ikawa ndani ya upindo. Akaushikiza kwa mishono mirefu ile rahisi kufumuka.

Mkaguzi alipita nyuma yake na kikombe chake, akasimama.

"Mbona upindo mkubwa hivyo? Si unapoteza kitambaa?"

"Watoto wanakua, Baba Chiriku."

Mkaguzi akaipima hoja hiyo, akaiona iko sawasawa. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda kuwasha kompyuta, kwa maana ilikuwa siku ya fainali na kuna mahali walikuwa wanaionyesha bure.